Barua kwa Mwanangu Mwalimu

Umoja, Nairobi

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku tu wazima, na baba yako anakusalimu sana. Nimeisoma barua yako kuhusu yule mtoto wa Gredi ya 4 anayesoma Kiswahili na Kiingereza bila taabu, ila kipindi cha Hisabati kikifika huanza kuchonga penseli. Umeandika kwamba ni mvivu. Nakuomba neno hilo uliweke kando kwanza, maana mvivu huacha ukurasa mtupu, ilhali huyu, kwa maelezo yako mwenyewe, huujaza wote kisha akapata sufuri.

Chukua ile hesabu uliyoniandikia: 41 kutoa 17, naye akajibu 36. Hakubahatisha. Alitoa 1 kwenye 7 akabaki na 6, akatoa 1 kwenye 4 akabaki na 3. Yaani katika kila safu alitoa tarakimu ndogo kwenye kubwa, bila kujali ipi iko juu. Kosa hilo peke yake halithibitishi ulemavu, kwa kuwa watoto wengi hulipitia. La kukushughulisha ni likidumu hata baada ya kufundishwa vizuri, tena likiandamana na mengine: kujumlisha 8 na 5 kwa vidole akianzia moja, kusita kusema ipi kubwa kati ya 67 na 76, na kusahau leo jedwali alilolikariri jana. Wataalamu huiita hali hiyo diskalkulia, na kwa makadirio ya kawaida huwapata asilimia 3 hadi 7 ya wanafunzi. Katika darasa lako la watoto sitini, basi, si ajabu wakawa wawili hadi wanne, na pengine wengine wamejificha nyuma ya utulivu wao.

Hakikisha kwanza kwamba anaona ubao, anasikia, na hakukosa masomo kwa muda mrefu. Kisha mrudishe kwenye vitu vya kushika. Vizibo vya soda vinafaa, lakini kwa makumi mimi hupendelea vijiti vilivyofungwa kumi kumi kwa mpira: akiwa na mafungu manne na kijiti kimoja, hawezi kutoa saba mpaka afungue fungu moja kwa mikono yake, na vijiti kumi vimwagike juu ya dawati. Baadaye achore mafungu hayo, na tarakimu zije mwisho. (Najua silabasi inakufukuza; imewafukuza walimu wote.) Mpe hesabu tano badala ya ishirini, umruhusu kutazama jedwali la kuzidisha, na usimsimamishe ubaoni huku ukimhesabia dakika, kwani hofu huinyang'anya akili nafasi ileile anayoihitaji kushikilia tarakimu.

Andika unayoyaona, pamoja na tarehe. Ikiwa baada ya muhula mmoja hakuna nafuu, zungumza na mwalimu mkuu, kisha na mzazi, faraghani, ili mtoto apelekwe kutathminiwa. Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, KISE, iko hapa Kasarani, na kuna vituo vya tathmini katika kaunti pia. Daftari lake liende naye, pamoja na kurasa zenye makosa. Usikubali mtu ayafute.

Ukija likizo, niletee nakala ya kurasa chache tuzisome pamoja.

Mama yako