Risala ya Wanafunzi wa Uhandisi wa Tiba kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho ya Maabara

Mheshimiwa mgeni rasmi, daktari bingwa wa upasuaji wa mishipa ya damu, walimu wetu, wageni waalikwa, wanafunzi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli za chumba cha upasuaji ukaja kukaa nasi. Kwa miaka miwili tumekuwa tukitengeneza mshipa wa damu wa bandia ambao, ukifanikiwa, mikono kama yako ndiyo itakayoushona.

Mheshimiwa mgeni rasmi, kwenye sahani ya kioo mbele yako kuna mrija mweupe wenye tundu la milimita 4. Kwa macho unafanana na karatasi iliyoviringishwa. Chini ya hadubini ya elektroni ni msitu wa nyuzi zilizopishana, kila mmoja una unene wa nanomita 500 hivi. Unywele wa binadamu ni mnene kuliko huo zaidi ya mara 100.

Milimita 4 tulizichagua kwa makusudi. Tangu daktari wa upasuaji Arthur Voorhees na wenzake walipochapisha majaribio yao ya mirija ya kitambaa mwaka 1952, mishipa mipana imepata mbadala mzuri, kama ule wa Dacron, yaani kitambaa cha poliesta. Tundu la mrija likiwa chini ya milimita 6 mambo hugeuka: damu huganda, na pale ulipoungwa na mshipa wa asili tishu huota kwa ndani hadi njia izibe. Ndiyo maana ninyi madaktari bado mnachukua vena ya mguuni mwa mgonjwa mwenyewe, na si kila mgonjwa anayo iliyo nzima. Sisi tunawafikiria hao wasio nayo.

Nyuzi tunazitengeneza kwa umeme. Tunayeyusha polikaprolaktoni, plastiki inayoisha taratibu mwilini, na jelatini kwenye kiyeyushi, tunajaza kwenye bomba la sindano, kisha ncha yake tunaipa volti 15,000. Tone linachongoka na kutoa mchirizi unaocheza hewani, kiyeyushi kinakauka njiani, na uzi unajizungushia kwenye fimbo ya chuma inayozunguka. Fimbo ikienda kasi, nyuzi hulala kuizunguka, kama seli za misuli laini zinavyouzunguka ukuta wa ateri.

Kilichotutesa ni matundu madogo kati ya nyuzi. Mirija yetu ya kwanza ilikuwa imara, tukaifurahia sana. Tulipopanda seli, baada ya wiki mbili zilikuwa zimekaa juujuu tu, mithili ya mbegu zilizomwagwa kwenye saruji. Nyuzi nyembamba hubanana kiasi kwamba seli haina pa kupenya. Basi tukagawa kazi. Ndani tumeacha nyuzi nyembamba, ili seli za endothelia, zile zinazotandika ukuta wa ndani wa mshipa, zipate sakafu laini na damu isivuje. Nje tumeweka nyuzi nene, tukachanganya na nyuzi za polima inayoyeyuka majini. Mrija ukioshwa, hizo huondoka na kuacha nafasi. Sasa seli zinaingia, na siku tulipoziona ndani ya ukuta hakuna aliyetaka kutoka maabara.

Kiunzi hiki cha nyuzi hakikusudiwi kubaki mwilini milele. Seli zinapaswa kujenga ukuta wao huku chenyewe kikiisha taratibu. Kikiisha mapema, ukuta utavimba na hata kupasuka. Kolajeni, protini inayoupa ukuta uimara, seli zinaitoa; elastini, protini ya kunyumbuka, ni haba mno, kwa hiyo mrija wetu bado hautanuki na kurudi kwa kila pigo la moyo kama ateri halisi. Hapo bado hatujafika, na hatutaki kukuficha.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunaomba utusaidie kupata pampu ya kusukuma kimiminika kwa mapigo, kwa kuwa seli zilizolelewa kwenye maji yaliyotulia hazijifunzi kuhimili mkondo wa damu. Tunaomba pia, kwa ridhaa ya wagonjwa na kibali cha kamati ya maadili, vipande vya vena vinavyobaki baada ya upasuaji, ili tulinganishe uimara wake na wa mirija yetu.

Ombi la mwisho ni la leo hii. Kando ya sahani tumeweka sindano, koleo na uzi wa upasuaji. Tunakuomba uushone mrija huu mbele yetu, utuambie unachanika wapi na mkono wako unahisi nini. Kalamu na daftari tunavyo tayari.

Tunaomba kuwasilisha.