Sasisho likigoma, usikimbilie kufomati

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuseme neno kuhusu tatizo linalowafikia mafundi mara kwa mara tangu Microsoft iache kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mtu anaipandisha kompyuta yake kwenda Windows 11. Asilimia zinapanda, mashine inajizima na kujiwasha mara mbili tatu, kisha inaandika kwamba inaondoa mabadiliko yote. Windows ya zamani inarudi, faili zote zipo. Lakini mashine si ile tena. Kufungua folda ni kungoja, kufungua kivinjari ni kungoja zaidi.

Ushauri anaopewa ni mmoja: "Piga Windows upya." Sisi tunaupinga. Kufomati, yaani kufuta diski na kusimika Windows upya, kuna mahali pake, ila ushauri huo hutolewa kabla hata haijaulizwa ni kitu gani ndani ya mashine kimeelemewa. Kama diski inakufa, Windows mpya itakuwa nzito kama ile ya kwanza, na picha na nyaraka zitakuwa zimeshafutwa kwa mkono wa fundi mwenyewe.

Kupandisha Windows ni kazi kubwa kuliko inavyoonekana kwenye kioo. Kisakinishi hupakua gigabaiti kadhaa, huzifumua ndani ya folda iliyofichwa iitwayo $WINDOWS.~BT, huuweka kando mfumo wa zamani, husimika mpya, hupachika draiva (programu ndogo zinazouwezesha mfumo kutumia vifaa), kisha huhamisha programu na mipangilio. Kosa likitokea njiani, yote hayo hufanywa kinyumenyume. Diski husomwa na kuandikwa mfululizo, hadi kwenye kona zake ambazo hazijaguswa kwa muda mrefu. Ndiyo maana diski yenye sehemu mbovu huumbuka siku hiyo. Watu husema sasisho limeiua. Mara nyingi limeifichua tu, na huenda ubovu huo ndio ulioliangusha sasisho lenyewe.

Cha kwanza kufanya ni kuiacha mashine ifanye kazi yake. Chomeka chaja, iwashe, uzuie isilale, uiache saa kadhaa. Baada ya kurudi nyuma, Windows huwa na viporo: TiWorker.exe hupanga upya vipande vya mfumo, SearchIndexer.exe hujenga upya faharasa ya utafutaji, MsMpEng.exe ambayo ni antivairasi ya Windows hukagua faili upya. Kwenye SSD, yaani diski ya chipu isiyozunguka, viporo hivi huisha mapema; kwenye diski ya kuzunguka vinaweza kula siku nzima. Ukitaka kuizima na kuiwasha, chagua Restart, usichague Shut down. Pale ambapo Fast Startup imewashwa, Shut down huhifadhi kiini cha mfumo kwenye diski na kukirudisha vilevile asubuhi, pamoja na uchafu wake. Mashine ikipita siku nzima bado nzito, hapo kuna hitilafu ya kutafutwa.

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili Task Manager ifunguke, kisha nenda Performance. Usitazame asilimia peke yake. Diski inayoonyesha 100% huku inasafirisha megabaiti 80 kwa sekunde iko kazini. Inayoonyesha 100% huku inasafirisha megabaiti 1 au 2 inaweza kuwa inahangaika na vifaili vidogo vilivyotawanyika, au inajaribu kusoma mahali pasiposomeka. Ya kuzitenganisha ni namba ya Average response time. SSD nzima hujibu kwa milisekunde chache. Diski ya kuzunguka ikiwa na mzigo hufika makumi ya milisekunde, na hilo ni la kawaida. Ukiona mamia, au maelfu, na namba haishuki hata baada ya kufunga programu zote, usiendelee na jambo lingine lolote kabla ya kunakili data muhimu kwenye diski ya nje.

Hapa kwenye diski tutakawia kidogo, kwa sababu ndipo makosa mengi yanapofanyika. Fungua Event Viewer, ingia Windows Logs, kisha System, utafute matukio ya namba 7, 51, 129 na 153. Namba 7 ni sehemu mbovu kwenye diski. Namba 129 na 153 ni amri iliyotumwa kwa diski ikachelewa hadi ikabidi kiunganishi kiwashwe upya au amri irudiwe. Kila mara inapotokea, mashine nzima huganda kwa sekunde kadhaa. Kisha soma taarifa za SMART, ambazo diski hujiandikia kuhusu afya yake, kwa programu kama CrystalDiskInfo. Kwenye diski ya kuzunguka angalia mistari minne: 05, sekta (vipande vidogo vya diski) zilizohamishwa, C5, sekta zinazosubiri kuamuliwa, C6, zisizorekebishika, na C7, makosa ya mawasiliano. C5 ikiwa juu ya sifuri na inaongezeka, diski hiyo haina wa kuitibu. C7 ikipanda peke yake huku mengine ni sifuri, shuku kebo ya SATA kabla ya diski: ichomoe, safisha, ichomeke tena au ibadilishe. Kuna watu wametupa diski nzima kwa kosa la kebo.

Na tunasihi: usiendeshe chkdsk /r kwenye diski yenye dalili hizo kabla ya kuhamisha data. Amri hiyo husoma kila sekta moja baada ya nyingine, na diski mgonjwa huweza kufia humo. Kwa diski yenye afya, chkdsk C: /scan inatosha, nayo hufanya kazi Windows ikiwa wazi.

Diski ikiwa salama, tazama nafasi. Kabla ya kufuta lolote, nenda C:\$WINDOWS.~BT\Sources\Rollback na C:\$WINDOWS.~BT\Sources\Panther, unakili setupact.log na setuperr.log uziweke pembeni. Humo ndimo ilimoandikwa sababu ya kuanguka. Wengi huanza kwa kufuta folda hii ili wapate nafasi, halafu wanabaki kubahatisha. Ukiishatunza kumbukumbu hizo, fungua Disk Cleanup, bofya Clean up system files, uweke alama kwenye Temporary Windows installation files. Windows.old, folda ya mfumo wa zamani, kama ipo, iache hadi uhakikishe kila kitu kiko mahali pake. SSD iliyojaa pomoni hupungua kasi kwa sababu haina sehemu tupu za kuandikia. Tunapenda ibaki na asilimia 15 hivi ya nafasi tupu.

Namba za makosa nazo zina lugha yake. 0x80070070 na 0xC190020E zinasema nafasi haikutosha. Zinazoanza na 0xC1900101 karibu kila mara ni draiva. 0xC1900208 ni programu isiyopatana na mfumo mpya, mara nyingi antivairasi ya zamani. 0x800F0922 huweza kumaanisha kwamba kipande kile kidogo cha diski kilichotengwa kwa ajili ya kuwashia mfumo kimejaa. Asiyetaka kusoma kumbukumbu kwa macho anaweza kutumia SetupDiag, programu ya bure ya Microsoft inayozichambua.

Sasa mfumo wenyewe. Fungua Command Prompt kwa ruhusa ya msimamizi, uandike amri hizi kwa mpangilio huu:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth
sfc /scannow

Mpangilio ni muhimu. Sfc hubadilisha faili zilizoharibika kwa kuchukua nzima kutoka kwenye ghala la mfumo. Ghala lenyewe likiwa na ubovu, sfc itakosa pa kuchota. DISM ndiyo inayolitengeneza ghala, na huhitaji intaneti isipoelekezwa mahali pengine pa kuchukua. Huweza kusimama muda mrefu kwenye asilimia ile ile. Iache. Kuikata katikati ndiko kunakozaa kazi mpya. Sfc ikisema imekuta faili mbovu ikashindwa kuzitengeneza zote, washa upya uirudie mara moja zaidi.

Masalio ya upakuaji uliokatika nayo huweza kuifanya huduma ya Windows Update izunguke bila kikomo, ikila prosesa na diski. Yasukume pembeni hivi:

net stop wuauserv
net stop bits
ren C:\Windows\SoftwareDistribution SoftwareDistribution.old
net start bits
net start wuauserv

Windows itajitengenezea folda mpya. Kitakachopotea ni orodha ya masasisho yaliyopita inayoonekana kwenye mipangilio. Masasisho yenyewe yanabaki.

Kuna mashine ambazo diski imetulia, kumbukumbu ya RAM ipo ya kutosha, na bado video inakatika na dirisha linaburuzika. Fungua Start, andika devmgmt.msc uangalie Display adapters. Ukikuta Microsoft Basic Display Adapter mahali pa jina la kadi yako, draiva ya picha haikurudi, na kazi yote ya kuchora kioo inabebwa na prosesa. Chukua draiva kutoka kwa mtengenezaji wa kompyuta au wa kadi. Zile programu zinazojitangaza kwamba zinatafuta draiva zote kwa mpigo mmoja tungependa zisiguswe kabisa. Pamoja nazo tuweke zile za "kusafisha rejista" (daftari la mipangilio ya Windows), ambazo hazijawahi kuifanya mashine yoyote iwe nyepesi kwa kiasi cha kupimika.

Kisha tazama kasi ya prosesa kwenye Task Manager. Ikiganda chini ya GHz 1 hata unapofungua programu nzito, tatizo si Windows. Laptopu nyingi hujibana hivyo zikishindwa kuitambua chaja, betri ikiwa imechoka, au joto likizidi kwa sababu feni imejaa vumbi. Jaribu chaja ya asili yenye wati zinazotakiwa, toa vumbi, angalia pia kama mpangilio wa umeme haujarudi kwenye kubana matumizi. Antivairasi mbili zikiwa hai kwa pamoja nazo zinatosha kuielemeza mashine: kila faili inayofunguliwa inapekuliwa mara mbili. Bakiza moja, na ile unayoitoa itoe kwa zana ya mtengenezaji wake, kwani uondoaji wa kawaida huacha draiva zake nyuma.

Mambo yote hayo yakishindikana bado kuna hatua moja kabla ya kufomati. Pakua faili ya ISO (nakala nzima ya kisakinishi) ya toleo lile lile la Windows kutoka kwa Microsoft, ifungue ukiwa ndani ya Windows, endesha setup.exe, uchague kubakiza faili na programu. Mfumo husimikwa upya juu ya ule uliopo, bila kugusa nyaraka wala programu. Tunashangaa jinsi njia hii isivyojulikana, wakati inaokoa kazi ya siku mbili ya kurudisha kila kitu.

Kabla ya kujaribu kupanda tena, pima kama mashine inastahili. Windows 11 inadai prosesa ya biti 64 iliyomo kwenye orodha ya Microsoft, ambayo kwa Intel huanzia kizazi cha 8 isipokuwa chache, RAM ya GB 4, diski ya GB 64, UEFI (programu ya kuiwashia mashine) yenye uwezo wa Secure Boot (kinga wakati wa kuwasha), na TPM 2.0 (kifaa cha usalama). TPM mara nyingi ipo ila imezimwa kwenye BIOS, yaani mipangilio ya kuiwashia mashine. Kwa Intel huandikwa PTT, kwa AMD fTPM. Hizo GB 4 ni za kuwashia tu. Kwa kazi ya kila siku tunashauri 8. Wapo wanaoruka masharti haya kwa kubadili rejista. Inawezekana, lakini toleo la 24H2 linahitaji prosesa yenye maagizo ya SSE4.2 na POPCNT, na pasipo hayo hakuna ujanja utakaoliwasha. Na kwa mashine yenye diski ya kuzunguka, hamishia mfumo kwenye SSD kwanza. Diski ya mizunguko 5,400 kwa dakika huhudumia maombi ya hapa na pale yasiyofika mia moja kwa sekunde. SSD ya kawaida ya SATA huhudumia makumi ya maelfu.

Siku ya kujaribu, chomoa printa, flashi na kila kisichohitajika, toa antivairasi isiyo ya Windows, na kama BitLocker (kinga ya Windows inayofunga data ya diski kwa siri) imewashwa, isimamishe kwa muda baada ya kuandika ufunguo wake wa tarakimu 48 mahali palipo nje ya kompyuta hiyo. Mashine inaweza kuudai ufunguo huo pale mipangilio ya BIOS inapoguswa, na asiye nao huzipoteza faili zake zikiwa nzima ndani ya diski nzima.

Ikibidi kufomati kweli, data ikiwa imeshahamishwa na diski imeshathibitika kuwa na afya, hakuna haja ya kununua leseni tena. Kwa mashine ambayo Windows yake ilikuwa imeamilishwa, leseni ya kidijitali hufungamana na ubao mama. Ruka swali la ufunguo wakati wa kusimika, chagua toleo lile lile, Home kwa Home au Pro kwa Pro, nayo itajiamilisha ikipata intaneti. Atakayechagua Pro kwenye mashine ya Home ndiye atakayerudi kwa fundi akisema leseni imepotea.

Ni sisi wasomaji wako,
Mafundi wa kompyuta