Risala ya Klabu ya TEHAMA kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonesho ya Sayansi ya Shule

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule,
Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule,
Walimu, wazazi na walezi wetu,
Wanafunzi wenzetu,

Itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha leo tukiwa wazima. Kwa niaba ya wanachama wa Klabu ya TEHAMA, tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu katika maonesho yetu. Tunafahamu majukumu yako ni mengi, hivyo kufika kwako kumetupa faraja kubwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kazi tuliyoiweka mezani mwaka huu ni sampuli ya tovuti ya sayansi ya serikali iliyosukwa upya. Watafiti wa nchi hii wanahangaika mashambani na maabara kutafuta mbegu zinazostahimili ukame na dawa ya viwavijeshi vamizi. Matokeo yao hupandishwa mtandaoni ili wananchi wayasome. Tulitaka kujua jambo moja: mkulima wa kata yetu akiingia humo kwa simu yake, anatoka na jibu?

Tulimwomba mama mmoja, mzazi wa mwenzetu, atafute kwenye tovuti ya taasisi moja ya utafiti mbegu ya mahindi inayofaa sehemu yenye mvua chache. Ukurasa wa mwanzo ulichukua muda mrefu kufunguka kwa sababu ya picha kubwa za vikao zinazopishana. Chini yake kulikuwa na salamu za ukaribisho, kisha menyu yenye majina ya kurugenzi. Alibofya moja, akarudi, akabofya nyingine. Hatimaye alipakua faili la PDF ambalo ni karatasi zilizopigwa picha; jedwali la mbegu lilikuwa katikati yake, herufi ndogo, limelala upande. Aliigeuza simu, nayo picha ikageuka pamoja nayo. Akaturudishia simu akasema, "Wanangu, mimi natafuta mbegu tu." Jibu lilikuwemo humo humo, na bando lilikuwa limekwisha.

Tulipochunguza tuliona chanzo chake. Tovuti ile imepangwa kama ofisi ilivyopangwa: kila kurugenzi ina chumba chake, na mgeni anatakiwa ajue kwanza nani anakaa wapi. Tukakata vipande vya manila, tukaandika mada moja kwenye kila kipande, tukawaomba wakulima sokoni wazipange wanavyoona inafaa. Karibu wote walipanga kwa kufuata aina ya zao la shambani. Mbegu za mahindi, wadudu wa mahindi na ghala la mahindi vilikwenda fungu moja. Muhogo na batobato, ugonjwa wake, fungu lingine. Kwenye tovuti mada hizo zimetawanyika kurugenzi tatu tofauti. Kazi ile ya manila ilitufundisha mengi kuliko miezi ya kukaa mbele ya kompyuta.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tatizo hili si la kwetu peke yetu. Uingereza ilikuwa na tovuti nyingi za serikali; Oktoba 2012 ilifungua GOV.UK, tovuti moja ya huduma za serikali, na kuzistaafisha tovuti mbili za zamani, Directgov na Business Link; kanuni ya kwanza ya watengenezaji wake ni kuanza na mahitaji ya mtumiaji. Marekani ilipitisha sheria mwishoni mwa 2018 inayozitaka taasisi za serikali kuu kuwa na tovuti zinazofunguka vizuri kwenye simu, zenye sehemu ya kutafutia na zinazotumiwa na watu wenye ulemavu. NASA, shirika la anga za juu la Marekani, yenye habari za sayansi zilizokuwa zimesambaa kwenye tovuti nyingi, ilizindua tovuti mpya mwaka 2023. Kilichotuvutia ni kwamba kabla ya uzinduzi iliweka hadharani toleo la majaribio na kuwaomba watu waseme wanachokiona. Hapa nyumbani, Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 imeipa Mamlaka ya Serikali Mtandao jukumu la kusimamia viwango vya TEHAMA serikalini. Kwa hiyo mlango upo.

Tunaomba utuvumilie kidogo kwenye suala la ulemavu, maana linatugusa. Wapo wenzetu wasioona vizuri, wanaotumia programu inayosoma maandishi kwa sauti. Programu hiyo ikikutana na karatasi iliyopigwa picha inakaa kimya, kwa kuwa kwake hapo hakuna maandishi. Miongozo ya kimataifa ya W3C, chombo kinachoweka viwango vya tovuti duniani, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1999, inataka maelezo yaandikwe kwenye kila picha yenye ujumbe, na toleo lililotoka 2008 likaongeza kuwa mwangaza wa rangi ya maandishi ya kawaida na wa rangi iliyo nyuma yake utofautiane kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Kijivu juu ya nyeupe kinapendeza kwenye kompyuta ya ofisini. Juani, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, hakisomeki.

Taarifa ya sayansi ikiandaliwa vizuri inafika. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuwa kikisogea kuelekea Mafia, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari kwa Kiswahili, zikasambaa kwenye simu, na wenye vyombo vya majini wakajua wakati wa kukaa nchi kavu. Tungependa taarifa za mbegu na magonjwa ya mimea zipewe uzito huo huo.

Sampuli yetu inaanza na sehemu moja kubwa ya kutafutia na picha ndogo za mazao. Ukibofya zao unapata yote yanayolihusu, kwa maandishi halisi, na faili la PDF linabaki kwa anayelihitaji. Yule mama alifika kwenye mbegu bila kuelekezwa, lakini akakwama tena alipoulizwa yuko ukanda gani wa mvua. Nani anajua ukanda wake? Tukaondoa swali hilo, tukaweka wilaya na kata.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna maombi mawili. La kwanza, tunaomba utufikishie kazi hii kwenye taasisi za utafiti zilizo karibu nasi, na uzishawishi kwamba kabla ya kumlipa mtengenezaji wa tovuti ziwakalishe wakulima, wavuvi, wanafunzi na watu wenye ulemavu, ziwape simu na kuwatazama wakitafuta. Sisi tuko tayari kusaidia kukusanya watu hao na kuandika tunachokiona, bila malipo. La pili, kompyuta za klabu ni chache na zimechoka, na intaneti tunayoitumia ni ya simu ya mwalimu mlezi wetu, ambaye tunamshukuru sana. Tukipata kompyuta na intaneti ya shule, tutaendelea na sehemu ya mifugo, ambayo wafugaji wameshaanza kutuulizia.

Tunakukaribisha sasa kwenye banda letu. Tumekuandalia simu ya kawaida, ya bei nafuu; tunaomba utafute mwenyewe dawa ya viwavijeshi, na sisi tutakaa pembeni tukitazama.

Tunaomba kuwasilisha.