Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Tume ya Ushindani: troli la supamaketi likinigongea gari, nani analipa?

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu, shikamoo kama umri unaruhusu, kama hauruhusu basi pole na kazi.

Jumamosi iliyopita nilienda supamaketi moja hapa Dar, jina naliacha, sijaja kumchafua mtu. Nimeingia kununua mchele, mafuta na pampasi, nusu saa tu, narudi nakuta troli limeegemea mlango wa nyuma wa IST yangu kama vile lilikuwa linanisubiri. Nikalivuta. Bati limebonyea ukubwa wa kiganja, na mchubuko mweusi unaenda mpaka karibu na taa. Paking ya pale ina mteremko, wameijenga hivo ili maji ya mvua yaende mtaroni, sasa mtu akishapakia mizigo yake akaliacha troli kule juu, huu upepo wa kusi ukipiga kidogo tu lenyewe linajua njia.

Nikamfata mlinzi. Mlinzi hata hakunijibu, akaninyooshea bango: UONGOZI HAUTAHUSIKA NA UPOTEVU WALA UHARIBIFU WOWOTE. Nikaomba kuona kamera, nikaambiwa kamera ni za usalama wa duka. Meneja alipokuja nae akasimama chini ya bango lilelile, nikajua hawa wameshazoea. Nilipokomaa sana ndo akasema haya dada, basi tutamkata kijana wa kukusanya troli. Na kijana mwenyewe yuko palepale anasikia, kashika msururu wa troli kama kumi na tano, yuko peke yake paking nzima, shati limelowa mgongoni. Nikasema hapana jamani, hela ya huyu siitaki.

Hapo ndo nilipoamua kukuandikia.

Watu wananiambia si una bima. Ninayo, bima ndogo kama wengi wetu, ile ya 118,000, na kazi yake ni kulipia madhara ambayo gari langu litamfanyia mwingine. Sasa mie ndo nimegongwa, tena aliyenigonga hana namba wala stika! Mwenye bima kubwa nae kuna kile kiasi cha kwanza anachobeba mwenyewe, kwa kubonyea kama huku mara nyingi hakibaki cha kudai. Fundi bodi kaniambia laki na themanini, kunyoosha na kupiga rangi mlango mzima, maana silva ukiiweka kiraka inaonekana kutoka ng'ambo ya barabara.

Sikatai, kesi zinatofautiana. Kama mteja mwenzangu kalisukuma kizembe akanigonga, alipe yeye. Kama nimepaki katikati ya njia ya troli nijilaumu mwenyewe. Lakini troli ni mali ya duka, limezagaa kwenye eneo la duka, mteremko wanaujua, na wameamua kuajiri kijana mmoja mahali panapotaka watatu, halafu hasara inarukwa na duka inaishia kwangu au kwenye mshahara wa yule mtoto wa watu. Bango nalo siku hizi ni breki?

Ninachoomba ni hiki. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 imewapa nyie kazi ya kumlinda mlaji na inakataza kumpotosha. Sasa mtu akisoma bango lile anaamini hana haki hata ya kuuliza, na mie naona huko ni kupotosha, ila nyie ndo wenye sheria, semeni hadharani: bango peke yake linamwondolea mwenye duka lawama ya uzembe wake au halimwondolei? Mkishasema hivo nusu ya ubishi wa paking utaisha. Na mkikaa nao hao wenye supamaketi waulizeni kuhusu troli za sarafu, Ujerumani unachomeka euro 1 ndo troli linafunguka, ukilirudisha unapata hela yako. Sisi sarafu ya 500 tunayo tangu 2014, na namjua Mtanzania, hawezi kuiacha 500 yake izurure kwenye mteremko.

Picha nilipiga kabla sijalisogeza troli, na risiti ya manunuzi ninayo, ina tarehe na saa. Mlango sijaunyoosha bado, mkitaka kuja kuuona mnakaribishwa.

Ni mie, mteja wa Jumamosi.