RISALA YA KIKUNDI CHA NGITILI KWA MGENI RASMI, SIKU YA MAZINGIRA DUNIANI, JUNI 5

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Kijiji, viongozi wa dini, wazee wetu, walimu na wanafunzi, mabibi na mabwana: mwabeja sana kwa kufika.

Mheshimiwa, ratiba inasema utapanda mti. Utuwie radhi, jembe hatukuandaa. Mwaka juzi, siku kama ya leo, tulipanda miche 50 pale ng'ambo ya josho. Ngoma zilichezwa, picha zikapigwa. Lakini mvua za hapa Shinyanga zilikuwa zimeshakatika, na nyingine ni mpaka Novemba. Kufikia Agosti vilibaki vijiti, mbuzi wakamalizia.

Leo tumekuandalia panga. Nyuma ya turubai hili kuna kisiki cha mgunga kilichotoa machipukizi zaidi ya kumi. Mizizi yake iko chini siku nyingi, haidai ndoo ya maji. Utachagua machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, utakata mengine, kisha utafunga kitambaa ili wachungaji wajue kina mwenyewe. Wenzetu wa Dodoma hukiita kisiki hai.

Mheshimiwa, wazee waliopo hapa wanajua mkoa huu ulivyovuliwa nguo. Enzi za ukoloni miti ilifyekwa ili mbung'o wahame, ikaja pamba, kisha miaka ya 1970 tukahamia vijiji vya ujamaa, ngitili za babu zetu, yaani maeneo ya malisho yanayofungwa ili nyasi na miti virudi, zikabaki nyuma bila mlinzi. Tukaitwa Jangwa la Tanzania. Mama zetu walipikia mavi ya ng'ombe na mabua ya pamba. Samadi ya shamba ikaishia jikoni.

Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilikuwa hekta kama 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilishavuka hekta 300,000. Miche ilikuwepo, ila kazi kubwa ilifanywa na ardhi yenyewe, baada ya kufungwa na kuachwa ipumue.

Ngitili yetu tunaifunga mvua zikianza. Tunaifungua kiangazi kikikaza, kwanza kwa ndama, ng'ombe dhaifu na maksai wa kulimia. Kuni ni zilizokauka tu, na siku ya kuokota inatangazwa.

Kero yetu ni moja, Mheshimiwa. Wachoma mkaa huingia usiku. Sungusungu wanawakamata, lakini faini inapingwa kwa kuwa sheria ndogo tuliyoipitisha kwenye mkutano mkuu wa kijiji ilikwenda wilayani kuidhinishwa, na hadi leo tunaambiwa iko mezani. Meza ya nani, hatujaambiwa. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakipa kijiji haki ya kuwa na msitu wake wa hifadhi. Tunaomba uiulizie hiyo karatasi kabla mvua hazijaanza, maana ndipo tunapofunga.

Panga limenolewa, Mheshimiwa. Mgunga una miiba, hivyo glavu zipo kwa katibu.

Tunaomba kuwasilisha.