Kodi za magonjwa (alama za ICD-10) kwa wagonjwa wa amiodaroni na digoksini

Jamani habari za jioni, nimepitia mafaili ya wagonjwa wa dawa za mapigo ya moyo na naomba tuelewane, dawa peke yake haituambii ugonjwa. Digoksini inaandikwa hata kwa moyo kushindwa kufanya kazi yaani I50, sasa ukiiona tu ukaweka I48, yaani mtetemo wa atria (mapigo yasiyo na mpangilio ya vyumba vya juu vya moyo), umempa mtu ugonjwa ambao daktari hajauandika! Amiodaroni nayo inaweza kuwa I48, inaweza kuwa I47.2 yaani mapigo ya kasi yanayoanzia vyumba vya chini vya moyo, rudi kwenye noti na ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na kama haieleweki muulize daktari kabla hujatuma klemu (madai ya malipo) kwa bima. I49.9, yaani hitilafu ya mapigo isiyotajwa aina, isiwe kichaka cha kujificha. Halafu amiodaroni ina iodini nyingi, daktari akiandika imeshusha utendaji wa tezi ya thairoidi usisahau E03.2, kodi ya thairoidi kushuka kwa sababu ya dawa. Nipo hewani hadi saa 3 usiku.