Barua kwa Dada Akoth: Meli Ipi, na Wiki Ipi

Orlando, Florida

Dada Akoth,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Mimi mzima wa afya. Jumbe zako za sauti nimezipata zote, hata ile uliyorekodi ndani ya matatu ya Kondele ambapo kondakta anasikika kuliko wewe. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu habari ya likizo yenu ya meli ni ndefu, na nataka shemeji aisome mwenyewe asije akapewa muhtasari wako.

Nianze na mwanao Brian. Amenitumia picha za Icon of the Seas mpaka simu yangu imelalamika. Uzuri wa meli hiyo siupingi: sitaha 20, slaidi za maji huko juu kabisa, na ikijaa inabeba abiria kama 7,600. Ilianza kazi Januari 2024 ikitokea Miami. Kutoka kwangu Miami ni mwendo wa zaidi ya saa tatu kwa gari, ilhali bandari ya Port Canaveral ni saa moja tu, na hapo Port Canaveral kuna Star of the Seas, karibu pacha wake, iliyoanza Agosti 2025. Kwa hiyo kama ni ukubwa, hatuna haja ya kuufuata Miami. Ila mimi sianzii kwenye ukubwa. Wewe umeuliza Bahamas au Jamaika, shemeji ameuliza bei. Mimi nauliza Brian na dadake Awuor watakaa na nani humo ndani.

Unajua kazi yangu ya udereva. Siku ya meli, asubuhi nawabeba wanaoshuka, na kufikia saa sita nawapeleka wanaopanda. Wazazi wakishuka huongea chakula na bahari. Watoto wadogo hulala kabla hatujaingia barabara kuu. Matineja ndio ninaowatazama kwenye kioo. Juzi nilibeba familia moja, binti analia waziwazi, simu mkononi, anaandikiana na wenzake ambao walikuwa bado kwenye foleni ya uhamiaji. Nduguye wa miaka 12 amevuta kofia ya sweta hadi puani. Mama yao akanieleza bila kuulizwa: binti alipata kundi lake usiku wa kwanza, tangu hapo walimwona wakati wa chakula tu. Mvulana naye alipangwa na watoto wadogo. Akaenda siku moja, akakuta wanapaka rangi, akarudi chumbani, na safari yote akawa mkia wa mamake. Meli ilikuwa moja, na kila mmoja wao alilipiwa.

Kila kampuni inagawa watoto kwa umri kivyake. Brian ana 15, huyo hana taabu popote; kila kampuni kubwa ina ukumbi wa rika lake. Mwenye taabu ni Awuor wetu na miaka yake 12. Kwa Royal Caribbean, wenye hizo Icon na Star, wa 12 bado ni mtoto. Ukumbi wa vijana unaanzia 13. Norwegian vivyo hivyo, klabu ya watoto ni ya miaka 3 hadi 12, ingawa humo ndani wanatenganishwa. Carnival wana kundi la 12 hadi 14 peke yao, na la 15 hadi 17 peke yao. MSC wamegawa hivyo pia. Disney wana ukumbi wa 11 hadi 14 na mwingine wa 14 hadi 17, lakini bei ya Disney namwachia shemeji aitafute mwenyewe, akiwa ameketi. Na umri unaohesabiwa ni wa siku ya safari, kwa hiyo usifikirie kumwongezea Awuor miezi.

Awuor ninayemjua mimi, aliyekataa kula na watoto kwenye harusi kule Siaya akavuta kiti hadi kwa shangazi zake, huyo huwezi kumweka na wa miaka tisa. Ndiyo maana naegemea Mardi Gras ya Carnival, ambayo inatokea papa hapa Port Canaveral. Brian akinuna, mwambie ina gari la reli linalopinda na kushuka kwa kasi juu ya paa la meli, na ndiyo meli ya kwanza kabisa kuwekewa kitu hicho. Linalipiwa kando, nitamlipia. MSC ni chaguo langu la pili. Abiria wake hutoka nchi nyingi na matangazo hutolewa kwa lugha kadhaa, jambo ambalo mimi nalipenda, ila sijui kama Awuor atapata haraka mtu wa kupiga naye soga.

Sasa wiki, na hapa naomba msome polepole. Umetaka wiki ya kwanza ya Desemba kwa sababu bei zimeshuka. Zimeshuka kwa sababu watoto wa Marekani wako darasani; wengi hufunga karibu na tarehe 20. Ukipanda tarehe 5 utakuta wastaafu wamejaa na wana furaha tele, halafu ukumbi wa vijana una watu wa kuhesabika, na wa umri wa Awuor pengine ni yeye na mwingine mmoja ambaye hawapatani. Hapo umelipia kundi ambalo halipo. Krismasi watoto watajaa, lakini bei za majuma hayo ya mwisho wa mwaka ndizo kali kuliko zote, na shule zenu zinafungua mapema Januari, kwa hiyo hamtapata hata siku ya kupumzika kwangu. Agosti siitaki kabisa. Watoto wa Florida hurudi shule kabla mwezi haujafika katikati, na msimu wa vimbunga, unaoanza Juni 1 hadi Novemba 30, huwa umepamba moto.

Kuna wiki moja ambayo ukiwa Kisumu si rahisi kuiona: wiki ya Sikukuu ya Shukrani, ambayo huwa Alhamisi ya nne ya Novemba. Shule nyingi za Florida hufunga wiki nzima, na familia hupanda meli na watoto wao wote. Awuor atakuwa amefunga tangu Oktoba. Brian atakuwa ameshamaliza KJSEA, mtihani wake wa Gredi ya 9, na anawamalizia chakula nyumbani. Bei haitakuwa ya chini kama Desemba mwanzoni, ila haifiki ya Krismasi. Kimbunga mwishoni mwa Novemba ni nadra. Mimi wiki yangu ni hiyo, na kama ni lazima tupunguze kitu, afadhali tupunguze siku za safari kuliko kuhama wiki.

Shemeji, najua umefika hapo ukakunja uso. Wakati huo KCSE, mtihani wa kidato cha nne, inaisha na karatasi za kusahihisha zinakungoja. Ukiweza kuuacha msimu mmoja, njoo, nitafurahi sana. Usipoweza, andika barua ya idhini kwamba watoto wanasafiri na mama yao na mjomba wao kwa ruhusa yako, kuanzia tarehe fulani hadi fulani, upeleke kwa wakili igongwe muhuri. Pengine hakuna atakayeiuliza. Lakini afisa wa uhamiaji akiiuliza saa kumi alfajiri ya Kisumu, hakuna wakili utakayempata.

Vyumba. Chumba cha kawaida kinaweza kulaza wanne. Usiku vitanda viwili vinashushwa kutoka darini. Wamarekani hujipanga humo wote na hawaoni neno. Sisi itakuwaje? Brian kule Siaya ameshaanza kuulizia simba yake, ile nyumba ya kijana kujitenga na wazazi, halafu aje kulala juu ya kichwa cha mamake? Nitapanda nanyi. Mimi na Brian tutachukua chumba cha ndani kisicho na dirisha, ambacho ndicho cha bei ya chini, wewe na Awuor mchukue chenye roshani. Kwa hesabu ya kampuni mpango huu unatugharimu zaidi, kwa sababu wawili wa kwanza katika kila chumba hulipa bei kamili na wa tatu na wa nne ndio hupunguziwa. Sawa tu. Chumba chetu na Brian ni juu yangu. Nitaomba vyote viwe katikati ya meli na si sitaha za juu, kwa ajili ya Awuor. Sijasahau feri ya Luanda K'Otieno na Mbita ilivyomfanya, na ile ilikuwa ziwa tena limetulia. Meli hizi zina mapezi ya kuzuia kuyumba, hata hivyo beba vidonge vya kichefuchefu.

Karatasi ni mambo matatu. La kwanza, fungua pasipoti kwenye viza ya Marekani ya kila mmoja, tafuta palipoandikwa Entries. Pawe na herufi M. Meli ikifika Bahamas mmeshatoka Marekani, na kurudi Port Canaveral ni kuingia upya, kwa hiyo viza ya kuingia mara moja haitufai. Ukiiona yoyote isiyo na M niambie kabla sijalipa chochote. La pili, utasikia watu mtandaoni wakisema wanapanda na cheti cha kuzaliwa tu. Hiyo ni nafuu ya raia wa Marekani, meli ikianzia na kuishia bandari ileile ya kwao. Haituhusu. La tatu, kadi ya njano ya chanjo. Kenya iko kwenye orodha ya nchi zenye homa ya manjano, na visiwa vingi vya Karibiani huidai kwa anayetoka kwetu. Sindano ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari. Siku hizi cheti ni cha maisha, kwa hiyo mkichoma sasa mmemaliza. Ruhusa ya kila kisiwa nitaihakikisha mimi tukishajua ratiba.

Ndege sina la kusema sana. Kenya Airways inawatoa Nairobi moja kwa moja hadi New York, kutoka hapo mnaunganisha Orlando. Mfike siku mbili kabla. Ndege ikichelewa meli haingoji mtu.

Pesa: ile bei ya kwenye tangazo isikudanganye. Ongeza kodi za bandari, ongeza bakshishi ya wahudumu, ambayo ni takriban dola 16 hadi 20 kwa kila mtu kwa kila siku, Awuor akiwemo. Chakula cha bufee, pitsa na aiskrimu vimo ndani, na kwa Brian hiyo pitsa peke yake italipa nauli. Soda hazimo. Ukumbi wa michezo ya video ndio mwizi mkubwa, maana mtoto anagusisha kadi ya chumba tu, pesa haionekani ikiondoka. Nitaomba kadi zao ziwekewe kikomo. Intaneti inalipiwa kwa kila simu, na mimi sitamnunulia Brian, angalau siku za mwanzo. Akiwa nayo atalala kitandani akiongea na marafiki wa Milimani, na rafiki wa Milimani atamkuta Milimani.

Utaniuliza usiku watakuwa wapi. Kumbi za vijana zina wasimamizi na hazina pombe. Vijana wa 12 kwenda juu huingia na kutoka wenyewe, kwa hiyo si shule ya bweni, usitarajie mtu akushikie Brian. Carnival wana amri kwamba wa miaka 17 kushuka chini wasionekane wakizurura baada ya saa saba usiku bila mtu mzima wao. Wewe weka saa yako, saa tano au saa nne na nusu, uwaambie mkiwa bado Kisumu ili isiwe ugomvi wa baharini.

Na hili liwafikie wote wawili. Usiku wa kwanza waende, hata kama wamechoka na safari, hata kama Brian anaona haya kwa sababu wale wanaongea Kiingereza cha puani. Makundi hufungwa usiku huo. Anayefika siku ya tatu anakuta watu wameshakuwa na utani wao na majina yao ya kupanga, na kuingia hapo ni kazi. Awuor simwogopi. Brian ndiye wa kusukuma, na nitamsukuma mimi, nitamtembeza hadi mlangoni halafu nijifanye simjui.

Ninachotaka kutoka kwenu kabla ya Jumapili: picha ya ukurasa wa mbele wa kila pasipoti, picha ya kila viza, na jibu la shemeji, anakuja au anasahihisha. Akija tutatafuta namna nyingine ya vyumba, kwa hiyo sitagusa chochote kabla sijamsikia. Amana ni ndogo, nitailipa Jumatatu. Salio hudaiwa miezi miwili na nusu hadi mitatu kabla ya safari, nafasi ya kutosha kwa shemeji kukamua SACCO yake.

Wako,
Ouma